Vita vya Chumba chenye Dirisha

Jumatatu, 4 Machi
Fundi aliyeunda mfumo wa kompyuta wa kliniki yetu ya wanyama kapata kazi kwingine. Anaondoka Ijumaa. Dokta katangaza: atakayemchorea ramani ya data, yaani majedwali yote, safu zake na yanavyoshikana, ndiye atakayeachiwa mfumo. Pamoja na chumba cha fundi. Chenye dirisha! Meza yangu iko ubavuni mwa vizimba vya mbwa, mwaka wa tatu huu nabwekewa kabla ya chai. Nikasema papo hapo kwamba mfumo ule naujua nje ndani. Shemeji, mdogo wa mke wangu, aliye mapokezi, akasema naye atajaribu. Haya. Maji ya kifuu, bahari ya chungu.

Jumanne, 5 Machi
Nimechora kwa kichwa. Majedwali manne, na rangi juu. Nikapita mapokezi kuchungulia ya Shemeji. Ana saba! Nikamwuliza kwa upole kayatoa wapi. Akasema aliandika SHOW TABLES tu, mashine ikayataja yenyewe. Kisha DESCRIBE kwa kila moja, zikatoka safu zote: jina, aina, na kama inaruhusiwa kuachwa tupu. Akanihimiza nijaribu, eti amri hizo zinatazama tu, haziharibu kitu. Kutazama tu, kazi gani hiyo? Lakini nimejaribu. Kweli ni saba. Nimechana yangu ya rangi, nachora upya.

Jumatano, 6 Machi
Shemeji kamaliza. Kwa SHOW CREATE TABLE kaona hata viungo: safu ya mmiliki kwenye jedwali la wanyama imefungwa kwenye jedwali la wateja, ndiyo maana hata mbuzi hasajiliwi bila mwenyewe. Ramani kaibandika ukutani. Roho imeniuma, sifichi.

Ila ramani isiyofanana na mfumo ni ramani mbovu. Basi nibadilishe mfumo! Nenosiri la fundi liko kwenye karatasi chini ya kibodi chake. Nikaichukua, nikaingia, nikaongeza safu moja kwenye jedwali la wanyama. Nimeiita profesa, jina ninalojiita mwenyewe, maana fundi hodari hutia alama kwenye kazi yake. Nikaweka na NOT NULL, isiachwe tupu kamwe, ili ionekane ya maana. Kwenye ramani yangu ipo, kwenye yake haipo. Nimecheka peke yangu mpaka mbwa wakanyamaza.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa! Mfumo unakataa kila mnyama mpya. Fomu ya mapokezi haina pa kujaza safu yangu, na mfumo hautaki iwe tupu. Saa nne foleni iko barabarani: mbwa kumi na mmoja, mbuzi mwenye kikohozi, paka kakimbilia juu ya kabati. Bibi mmoja mwenye kuku akauliza kama tumefunga. Nikamwambia atulie, Profesa yuko kazini.

Dokta akauliza nani kagusa nini. Nikashauri tuzime, tuwashe. Shemeji akaandika DESCRIBE wanyama, akalinganisha na ramani yake mstari kwa mstari. Wa mwisho: profesa. Dokta akauliza huyo profesa ni nani. Bibi wa kuku akasema, si huyu hapa?

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji kahamia dirishani. Safu yangu imefutwa. Mimi nimeachiwa ruhusa ya kutazama tu. Mke wangu kishapewa habari zote. Kaniandalia chakula, kisha nikamsikia jikoni akicheka na mdogo wake kwenye simu. Lile dirisha nililitaka jamani. Shemeji kasema niwe naenda kunywea chai kwake asubuhi. Nikakataa. Saa nne nilikuwa pale na kikombe changu.

Nimetafakari kosa langu, na nimelipata. Safu ndani ya jedwali la watu wote, lazima ionekane. Nilipaswa kuunda jedwali zima, langu peke yangu. Hilo nani ataliona? Ile karatasi ya nenosiri bado ninayo. Na jina nishalichagua: profesa_mkuu.