Ngoma ya Kumzika Manyama

Leo nimeaibika mbele ya maiti. Na mbele ya walio hai, ambao ndo wabaya zaidi, kwa sababu wanasimulia.

Naandika mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana kwaya nzima ilikuwepo na simu zilikuwa juu. (Kama video imeshafika humu kwenye kundi, msiifungue kwanza. Someni hii.)

Tumemzika Manyama, rafiki yangu, kule kwao Nyamuswa. Wale msiomjua, ndiye alikuwa mpiga ngoma wa kanisani kwetu hapa Kigera. Harusi alipiga yeye, Pasaka yeye, misiba yeye. Mtu mnene, mpole. Katokea kwenye ng'ombe na pamba, lakini ukimkuta ufukweni Makoko anachagua samaki ungesema kazaliwa ziwani. Alikuwaga anapenda furu wa kukaanga, vile vidogo vya kutafuna na kichwa. Sangara alisema ni samaki wa wageni. Basi. Nilikuwa nasema ngoma.

Alipoanza kuumwa aliniita. Akasema, "Majura, mimi nimewapigia wote wanaoondoka. Mimi atanipigia nani?"

"Acha maneno hayo, utapona."

"Nimekuuliza atanipigia nani."

Nikasema mimi. Sijui lilinitokea wapi hilo neno. Kazi yangu kwenye ngoma ilikuwa kukaa nayo juani ikianikwa ngozi ikaze. (Yaani cheo changu ni kufukuza mbuzi wasiilambe.) Lakini alifurahi jamani! Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Basi kajifunze. Usije ukanizika kama gunia la pamba."

Sasa kujifunza kwenyewe. Anayefundisha ni Nyangeta, mwalimu wa kwaya, binti wa jirani yangu. Anajua kinanda, anajua ngoma, mkono wake mwepesi kama wa mtu anayepepeta mtama. Alinifuata mpaka nyumbani.

"Shikamoo babu. Jumamosi tuna mazoezi, njoo nikufundishe. Siyo ngumu, ila ina mambo yake."

"Marahaba mjukuu wangu. Ngoma ina mambo gani? Ni mkono na sikio tu."

"Babu, wewe njoo tu."

Nikamwambia nitafikiria. Na nilifikiria kweli. Wiki hii nafikiria, wiki inayofuata nafikiria. Jumamosi ikifika navaa shati, natoka mpaka njiani, narudi navua. Nisiwafiche sababu. Huyu binti nilimuona anaogeshwa kwenye beseni. Halafu kwenye mazoezi wamejaa vijana watupu wameshika makaratasi ya noti, na mimi shule niliiachia darasa la tatu, ng'ombe wa baba walinihitaji kuliko mwalimu. Nikae katikati yao nihesabiwe "moja mbili, moja mbili, babu umekosea"? Nikaona hapana. Heri nijifundishe.

Mke wangu Bhoke akaniangalia. "Umezeeka kando ya ziwa na kuogelea hujui. Ngoma ndo utaijua bila kufundishwa?"

Nikamwambia nina video.

Na kweli nilikuwa nayo. Manyama anapiga siku ya Pasaka, binti yake alirekodi akanitumia. Nikaegesha simu kwenye tofali, nikapindua ndoo, nikatafuta vijiti, nikapiga. Video ikiisha naianza tena. Asubuhi, jioni. Kuku wa Bhoke wakagoma kutaga. Lakini mkono ulikubali! Siku moja nikaenda nikampigia mgonjwa pale ubavuni mwa kitanda, na yeye akawa anafuatisha kwa kidole. Akasema, "Mkono unao. Sasa nenda kwa Nyangeta akunyooshe."

Nikaitikia ndiyo. Sikwenda.

Akaondoka wiki hii.

Leo tumetoka Musoma na mwili. Tukapita Butiama mvua inanyunyiza, kwaya hawaimbi, kila mtu na dirisha lake. Ngoma nimeipakata mimi kama mtoto. Tulipofika kwao, Nyangeta akaniinamia sikioni.

"Babu, acha nipige mimi. Wewe leo ni mfiwa."

"Nilimwahidi."

Akamtazama mjane, shemeji yangu Wakuru, aliyekuwa kwenye mkeka na wenzake. Wakuru akaniuliza mbele ya ukoo mzima, "Shemeji, unaweza kweli? Huyu mtu maisha yake yote kelele ilimuumiza kichwa. Sitaki aende na fujo."

"Naweza, shemeji."

Akasema, "Haya."

Hapa niwaeleze kitu, ninyi ambao hamko kwaya yetu. Kwetu jeneza likifika kaburini wabebaji wanasimama nalo kwenye kamba, kwaya inaimba, na haliteremki mpaka ngoma inyamaze. Manyama mwenyewe ndiye aliweka huo utaratibu, alisemaga mtu ashuke kwenye utulivu. Na kwaya nayo haiachi kuimba mpaka mpiga ngoma akate. Yeye ndiye anasema sasa basi. Hilo la pili mimi sikulijua! Miaka yote nimekaa kwenye benchi nikidhani nyimbo zinaisha zenyewe, kama mvua.

Nikaanza kupiga.

Nzuri jamani. Nawaapia. Wazee waliinua vichwa. Kwaya ikaingia, sauti zikapanda, na mimi nikafumba macho nikaona nampigia yeye kabisa, kidole chake kinafuatisha. Beti zikaisha. Kikaja kiitikio. Kikarudi. Kikarudi tena.

Nikafungua macho. Nyangeta ananitazama, ameinua mkono juu na amekunja ngumi. Nikasema moyoni, mtoto huyu ana adabu, ananitia moyo! Anasema kaza! Nikakaza. (Nimekuja kuelezwa kwenye gari kwamba kwenye kwaya ngumi ni kusema malizia.) Na kwaya nao wakakaza, wafanye nini tena?

Nikawa nasubiri wao wamalize. Kumbe wao wananisubiri mimi. Na ile video yangu, jasho liliponitoka ndo nikakumbuka, ilikatika njiani, simu ya yule binti wa Manyama ilijaa. Mwisho wa ngoma sijawahi kuuona. Nyumbani nilikuwa naachaga Bhoke akiita ugali umeiva. Leo Bhoke alikuwa amekaa na wafiwa, hakuna ugali wa kuniokoa.

Katekista akafungua kitabu. Akafunga. Akafungua. Kinamama sauti zikaanza kukauka, bibi mmoja wa sauti ya pili akabaki anafungua mdomo na kufumba kama sato kwenye beseni. Wabebaji, na nimeshawaambia Manyama alikuwa mnene, mikono inatetemeka, kamba zinawakata viganja. Udongo umelainika na mvua. Mmoja akateleza, jeneza likainama upande wa kichwa. Watu wakapiga ukelele!

Mimi nikajua uchungu umewazidi. Nikaongeza.

"Mzee! Mzee, inatosha!" Ni mbebaji huyo, analia.

Nimsikie wapi? Ngoma iko kifuani kwangu, nikiacha vibaya nimeharibu, nikiendelea nimeharibu. Kuacha tu, hivi hivi, kama mtu kazimia? Rafiki yangu nimzike kwa ngoma iliyozimia? Nikaona afadhali niendelee, labda mwisho utajileta.

Mwisho ukajileta. Wakuru aliinuka kwenye mkeka. Mjane anatakiwa aketi, lakini aliinuka, kinamama wanamvuta kanga, akawaponyoka, akaja mpaka kwangu. Akaweka viganja vyake viwili juu ya ngozi ya ngoma.

Fimbo ya ngoma ilikuwa hewani tayari.

Nikampiga mfiwa vidoleni. Pwaa!

Kimya. Hata mvua naona ilisimama kidogo iangalie.

Wakuru akafinya macho. Hakuondoa mikono. Akasema taratibu, bila hasira, na ndo maana iliniuma, "Shemeji. Muache alale."

Halafu mtu mmoja huko nyuma akacheka kwa puani. Mmoja tu! Nikadhani itaishia hapo. Kanga zikapelekwa midomoni. Mabega ya kwaya yakaanza kutikisika. Wabebaji wanateremsha jeneza huku wanatazama pembeni wasikutane macho. Katekista anasoma mambo ya mavumbi, kila mstari anameza kitu. Mimi nimesimama na fimbo, machozi yananitiririka, na jirani yangu ananigonga bega, "Hata wewe mzee unacheka!"

Ndivyo alivyoshuka mtu aliyependa utulivu.

Baada ya udongo nilijificha nyuma ya nyumba, kwenye kuni. Wakuru akanifuata. Vidole amefunga kitambaa. Nikamwambia, "Shemeji nimekuumiza. Nimemuumiza na yeye."

"Vidole vitapona."

Akakaa kidogo kwenye gogo. Hakuwa amecheka kule kaburini, na hapa hakucheka.

"Tangu siku ile uliyompigia kitandani, kila Jumamosi alikuwa ananituma dirishani," akasema. "Nitazame kama umepita kwenda mazoezini. Nilikuwa namdanganya kwamba nimekuona."

Akaenda zake kuwahudumia wageni. Chakula nililetewa hapo hapo kwenye kuni, sikukigusa. (Nyama niligusa kidogo. Ilikuwa imeiva vizuri.)

Kurudi, nimekaa kiti cha nyuma cha gari na ngoma yangu miguuni. Mbele huko mtu akianza kucheka, mwenzake anamkanyaga. Tulipokaribia Musoma nikasogea mpaka alipo Nyangeta. Kwa mara ya kwanza nikamuita jina la kazi yake.

"Mwalimu. Nifundishe."

Akageuka. Macho yake mekundu, naye alimpenda yule mzee. "Nitakufundisha babu. Lakini sasa hivi unajifunza umpigie nani?"

Nikatazama dirishani. Kisha nikarudi nyuma kwenye ngoma.

Ila nitakwenda. Nitakaa na watoto, nitahesabiwa moja mbili. Anayetaka kucheka acheke, mimi simzuii. Ninaomba kitu kimoja tu: kama kuna mtu humu kwenye kundi ana mpango wa kufa, asogeze mbele kidogo, somo langu la kwanza ni Jumamosi.