Fundi Bisibisi na Kifuniko Ambacho Hakukifunua

Njooni, enyi majirani wa karibu na wa mbali! Acheni ufagio ulalie ukuta, acheni maharage yachemke yenyewe, na mwenye mtoto mgongoni aje naye. Sogeeni, maana nataka kuwasimulia jambo zito lililotokea katika ua wetu mkesha wa Krismasi, mchana kweupe, mbele ya macho yangu haya, nami nimeketi mlangoni pangu na ungo wa mchele mapajani. Ni habari za mwanamume aliyesimama mbele ya sufuria, akawa na uwezo wa kuifunua, na asiifunue.

Najua mtacheka. Mtasema, hilo nalo jambo? Basi mjueni kwanza mtu mwenyewe.

Huyu ndiye Fundi Bisibisi, mtengeneza redio, Jemadari wa Skrubu, Mfunguzi wa Vilivyofungwa Viwandani. Tangu azaliwe hajawahi kuona kitu chenye tumbo asitake kujua ndani kuna nini. Alifungua saa ya ukutani iliyokuwa nzima kabisa. Alifungua komeo la choo cha ua, na wiki nzima tukawa tunaimba humo ndani ili watu wajue kuna mtu. Siku ya harusi yake mwenyewe kipaza sauti kilikwama, naye akakifungulia mezani pale pale, bibi harusi akingoja na kipande cha keki mkononi.

Huyo bibi harusi ndiye mkewe, fundi cherehani, Mwenye Sindano Isiyokosea, binti mpole ambaye akikutazama na pini midomoni unajikuta umenyoosha mgongo. Sisi tulimwita Bi Harusi, na jina limemganda. Walihamia chumba cha katikati na kitanda, cherehani na kabati moja, na Krismasi ilipokaribia wakakipamba chumba kile mpaka tukawa tunapita mlangoni polepole makusudi. Mke alishona pazia kwa mabaki ya vitambaa vya wateja, akakata vipande vyekundu na vya kijani akavitundika kuta zote nne. Mume akakusanya vitaa vidogo kutoka kwenye redio zilizokufa, akaviunga kwa waya juu ya mlango. Viliwaka vizuri sana, ila mpaka upige kabati ngumi. Kwa hiyo kila mgeni alipiga kabati kwanza, ndipo akasalimu.

Na sasa, enyi wasikilizaji, tetemekeni, maana namtaja Mama Mkwe, aliyemzaa Fundi Bisibisi.

Mama Mkwe, Malkia wa Miiko, Mwonja wa Vyungu Vyote! Hana ubaya mama wa watu, nisije nikamsingizia. Ila akiingia jikoni kwa mtu, hodi yake ni kufunua sufuria. Anafunua, ananusa, anatia chumvi, anafunika. Na kuanzia hapo jiko si lako tena. Ngome mbili za wakaza wana wakubwa zilianguka hivyo hivyo, na kila Krismasi wanawake wale hubeba watoto wao wakaenda kuketi mezani kwake kama mateka waliovaa nguo mpya.

Bi Harusi, mpole yule, ndiye aliyethubutu kumwambia, "Mama, mwaka huu, mkesha wa Krismasi, karibu kwetu. Keki nitaoka mimi."

Mama Mkwe akamtazama, akatazama pazia, akapiga kabati ngumi, vitaa vikawaka. "Sawa, mwanangu. Nitakuja. Keki ikiinuka, Krismasi zetu zitakuwa hapa. Ikilala, mtanifuata kwangu kama wenzenu." Akacheka. Lakini kicheko kile wote tulikielewa, na Bi Harusi alikielewa zaidi yetu.

Keki ya kwanza ya majaribio Fundi Bisibisi aliifunua ili aone kama imeanza kuinuka. Ilikuwa imeanza. Ikaona watu, ikalala. Ya pili aliifunua ili ahakikishe kwamba kufunua ndiko kulikoiua ya kwanza. Akahakikisha. Ua mzima tulizila kwa vijiko, macho chini, kila mtu akisema "tamu lakini," na hiyo "lakini" ikamchoma Bi Harusi kuliko sindano zake zote.

Ikabaki keki ya tatu. Mayai ya mwisho ya dukani yalikuwa ndani yake, na duka limefungwa mpaka sikukuu ipite.

Mchana wa mkesha Bi Harusi akapanga majeshi. Sufuria kubwa akaitandika mchanga chini. Ndani yake akaketisha ile ndogo iliyobeba unga, sukari, siagi na mayai yaliyochapwa mpaka mkono ukafa ganzi, na ganda la limau lililokunwa. Akafunika kwa kifuniko kizito cha bati, akapanga makaa mekundu juu yake kama taji, na jikoni chini akaacha moto mdogo. Ndipo adui wa kwanza akatokea: Mwalimu wa shule ya jirani, amekuja kuchukua gauni la ibada ya kesho. Gauni lilikuwa na mkono mmoja.

"Nimevumilia tangu juzi," Mwalimu akasema. "Leo nakaa hapa hapa mpaka mkono wa pili uingie."

Bi Harusi akatazama cherehani, akatazama sufuria, akamtazama mumewe. Hakuwa na jemadari mwingine.

"Makaa ya juu yakififia, ongeza kwa koleo. Ya chini usiguse. Na usifunue."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Kuchungulia je?"

"Utachungulia vipi bila kufunua?"

"Nauliza tu." Hapo Fundi Bisibisi akainuka, akaweka mkono kifuani, akanena kwa sauti ya mtu anayehutubia uwanja: "Mke wangu, taa ya chumba changu! Nakuapia kwa bisibisi hii niliyokabidhiwa na aliyenifundisha kazi, mkono huu hautagusa kifuniko kile! Mvua inyeshe, redio zote za ulimwengu zikwame, mimi nitakuwa hapa kama nguzo ya umeme!"

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya. Usifunue." Akaingia ndani, na cherehani ikaanza kunguruma.

Jamani, kulinda simba ni rahisi, maana simba hatamaniki. Kwanza ilikuja harufu. Ilipenya pembeni mwa kifuniko, siagi na limau, ikazunguka ua, ikamshika shujaa wetu puani kama mtu anavyoshika mbuzi kwa kamba. Nikaona vidole vyake vinacheza. Akavikalia.

Kisha akaja Dalali wa vyumba, mpangaji wa chumba cha pembeni, Mwenye Ulimi wa Siagi, mtu aliyewahi kumpangisha mjane chumba kisicho na dirisha na mjane akashukuru kwa kukosa vumbi.

"Shemeji," akasema, akichuchumaa. "Hii mbona kama inaungua?"

"Haiungui."

"Mimi pua yangu haidanganyi. Lakini sawa, keki ni yenu. Mama yako akija akakuta mkaa, utamwambia ulikuwa unalinda nini?"

Fundi Bisibisi akasogeza pua karibu na kifuniko.

"Funua upande mmoja tu," Dalali akanong'ona. "Kama mtu anavyofungua mlango hajavaa. Keki haitajua."

Enyi mlioketi, hapo ndipo nilipoacha kuchagua mchele. Mkono wa Fundi Bisibisi ulitoka mafichoni. Ukanyooka. Ukaelea juu ya sufuria, na mwanga wa makaa ukauangaza, na ndani cherehani ikawa imenyamaza. Kisha mkono ukageuka, ukaingia mfukoni, ukatoka na bisibisi.

Akafungua mpini wa birika. Akafungua stuli aliyokuwa ameikalia, miguu yote, kisha akairudisha isimame ilivyokuwa bila skrubu hata moja. Akafungua redio yangu, nami nikamwachia, maana nilijua nashuhudia nini. Akafungua bawaba za dirisha lao, koki ya bomba na roda ya kamba ya kuanikia nguo. Alipomaliza vyote hivyo jicho lake likatua kwenye miwani ya Dalali, na Dalali akakumbuka ana mteja.

Mfuko wa suruali ulijaa skrubu mpaka ukamning'inia. Kifuniko kilikuwa pale pale.

Na bado, wapendwa, vita vyenyewe havijaanza.

"Hodi wenyewe!"

Alikuja mapema, kama wanavyokuja wenye nia. Mama Mkwe akaingia uani na kapu kichwani, na kapu limefunikwa kitambaa cheupe, na chini ya kitambaa kulikuwa na kitu cha mviringo ambacho sote tulikitambua. Alikuwa amekuja na keki yake, ikiwa tayari. Akalitua, akavuta hewa kwa nguvu, akaiona sufuria. Hata salamu hakungoja. Akainama, akachukua kitambaa cha kushikia, akanyoosha mkono kwenye kifuniko, mkono ule uliowahi kufunua vyungu vya ukoo mzima.

"Mama," Fundi Bisibisi akasema. "Usifunue."

Mama Mkwe akafikiri hakusikia vizuri. "Unasemaje, baba?"

Shujaa akasimama, skrubu zikilia mfukoni kama njuga. Nilitegemea hotuba. Ya kwanza ilikuwa ndefu, na ya pili ingepaswa kuizidi. Lakini sauti yake ilitoka ndogo, ya mtoto aliyekamatwa.

"Nasema usifunue, mama. Mwenye jiko amekataza."

"Mwenye jiko?" Mama Mkwe akauma midomo. "Mimi nimekufunulia sufuria ukiwa hujaota meno. Leo mimi ndiye wa kuambiwa 'mwenye jiko amekataza'?"

"Ndiyo, mama."

"Na mwenye jiko ni nani?"

"Mke wangu."

Mlangoni Bi Harusi alikuwa amesimama na mkono wa gauni begani na pini zake midomoni, na nyuma yake Mwalimu, na hakuna aliyejua wamesimama hapo tangu lini. Mama Mkwe akamtazama mwanawe kama mtu anayesoma bei mara mbili. Akaurudisha mkono. Akageuka, akaiona stuli, akaikalia kwa uzito wake wote na wa huzuni yake.

Stuli ikaenda njia nne tofauti.

Puu!

"Mungu wangu!" akapiga kelele Mwalimu. Fundi Bisibisi akashika mfuko wake. Malkia wa Miiko alikuwa ameketi chini, miguu mbele, mguu wa stuli kila upande, uso wake umelingana na sufuria.

"Baba," akasema taratibu. "Umeifungua hii?"

"Nimeifungua, mama."

"Kwa nini?"

"Ili nisifungue hiyo."

Mama Mkwe akaokota mguu mmoja wa stuli, akaugeuza. Mabega yakaanza kumtikisika, na kwa kitambo tulidhani analia, mpaka sauti ikamtoka, akacheka akajishika mbavu, akamkataza kila aliyetaka kumwinua. "Niacheni! Niacheni nikae. Huyu nimemzaa mwenyewe, kila kitu anataka kujua ndani kuna nini. Kanirithi mimi huyu." Akafuta macho kwa ncha ya kilemba.

Dalali, aliyesikia kishindo, akarudi mbio, akaona jemadari yuko mbali na ngome. "Jamani, inaungua kweli hii, ngoja niwasaidie..." Akanyoosha mkono.

Paa! Mama Mkwe alimpiga kofi mkononi akiwa chini hapo hapo alipo. "We! Hujasikia mwenye jiko amesema nini?"

Ndipo Bi Harusi akatoa pini midomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa gauni. Akaja, akachuchumaa karibu na mkwewe. Akainusa hewa, akaondoa makaa juu ya kifuniko kwa koleo, kaa baada ya kaa, akapuliza majivu. Mumewe alifumba macho.

"Nifunue?" akauliza Mama Mkwe.

Mmesikia? Aliuliza! Mwanamke aliyefunua vyungu vya watu bila kubisha hodi aliketi mavumbini na kitambaa mkononi, akauliza. Bi Harusi akashika pembe moja ya kitambaa, akamwachia nyingine.

"Tufunue, mama."

Ikainuka mvuke. Na chini ya mvuke, enyi ndugu zangu, ilikuwa imesimama! Ilikuwa imepasuka katikati kama mkate wa mtu mwenye furaha, na upande mmoja umekolea weusi kidogo pale makaa yalipolundikana, lakini imesimama juu ya ukingo wa sufuria, inatutazama, haioni haya. Bi Harusi akachoma kijiti, kikatoka kikavu. Mwalimu akapiga makofi akiwa ndani ya gauni lake la mkono mmoja. Mimi nilimwaga mchele.

Tukaila chumbani, chini ya vitaa, mtu akipiga kabati kila vikizimika. Mama Mkwe alitafuna kipande cha kwanza, sote tukimtazama mdomo. Akasema, "Mwakani punguza makaa upande wa kushoto." Akala tena. "Mwakani mimi nitakuja na sahani tu." Na kapu lake alipoondoka alilibeba kama alivyokuja nalo, kitambaa cheupe hakijaguswa na mtu.

Jioni Fundi Bisibisi alirudisha kila skrubu mahali pake, isipokuwa moja ya stuli, ambayo haikuonekana. Tulifagia ua, tukakung'uta mifuko, hakuna. Dalali akakuna kidevu, akasema isije ikawa iliangukia kwenye keki na sisi tumeshaila.

Hapo ua mzima, wakubwa kwa wadogo, tulimgeukia kwa sauti moja, na Mama Mkwe, aliyekuwa amefika barabarani, akageuka akapaza ya kwake kuliko sisi sote:

"Itaingiaje, na hakufunua!"