Maoni ya Mke wa Mwombaji Kuhusu Bastola Kubwa

Koleta Anselmo,
Lionja, Nachingwea.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Kata.

YAH: MUME WANGU KUTAKA KUNUNUA BASTOLA

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nakusalimu wewe na wajumbe wako wote, watakaokuja kikaoni na watakaotuma udhuru. Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu, ambalo siyo sababu ya barua hii.

Mimi ni mke wa Mzee Anselmo, yule aliyeleta fomu ya kuomba kibali cha bastola. Karani wako alipita akasema kabla ya kikao cha Alhamisi anayeishi na mwombaji aandike kama ana pingamizi, na kwamba mistari miwili inatosha. Mimi nimechukua daftari. Nilisoma mpaka darasa la nne, Mheshimiwa, na mtu wa darasa la nne hawezi kumaliza jambo kwa mistari miwili. Hayo ni mambo ya watu wa chuo.

Nasema mapema ili nisikupotezee muda: sitaki bastola, na sababu ni mwanangu Leonard. Mwaka wa tatu huu yuko porini Ruangwa, mbali na mji, kwenye machimbo ya dhahabu. Tangu zamani yeye akirudi hapigi simu kwamba anakuja. Hapigi hodi. Anaingia tu kwa mlango wa jikoni na kufunua sufuria, ndipo anasalimia. Namwogopea. Lakini Mzee anasema sababu ya mtoto mmoja haiandikwi serikalini, wataicheka. Basi nimetafuta sababu za kiserikali, ndizo hizi.

Chanzo unakijua. Mwezi wa sita tulikuwa shambani tunakata ufuta, mchana kweupe, mwizi akaingia nyumbani akachukua redio, betri ya sola na suruali mpya ya Mzee ya kwendea kanisani. Redio ilimuuma. Betri ilimuuma. Ila suruali ndiyo iliyompeleka Ruangwa kwa mtani wake Hamidi, mlinzi mstaafu, ambaye ana bastola yenye kibali, akamuulize mtu mzima anunue ipi.

Hamidi akamwambia, "Mtani, ukichukua kale kadogo ka kuficha kiunoni utajipiga mguu, tuje kukucheka hospitali. Chukua kubwa. Inatulia mkononi, nyumbani inakulinda, kwenye uwanja wa shabaha unafurahi nayo." Mzee akasema lazima aijaribu kwanza. Nami nikasema haendi peke yake, maana mara ya mwisho alipokwenda Ruangwa peke yake kujaribu kitu alirudi na mashine ya kupulizia mikorosho salfa ambayo mpaka leo haijawaka.

Kwa hiyo nimeiona hiyo bastola. Nimeishika na nimeipiga, kwenye uwanja wa shabaha, mbele ya msimamizi anayeitwa Afande Mustafa, mtu mpole sana, Mungu amlipe kwa uvumilivu. Pingamizi zangu ni kama ifuatavyo.

1. Uzito. Wao wanasema ni bastola ya saizi kamili. Mimi nasema ni pasi ya mkaa iliyokosa mkaa. Hamidi anadai uzito ndio uzuri wake, kwamba nyepesi inaruka kama panzi. Sawa. Lakini nilipoinyoosha mbele kwa mikono miwili kama nilivyoelekezwa, kabla sijahesabu kumi ilikuwa inatazama chini, na kabla sijafika kumi na tano ilikuwa inatazama vidole vyangu vya miguu. Mwizi akinikuta hivyo itabidi anisaidie kuishika. Halafu inabeba risasi kumi na saba. Mheshimiwa, kumi na saba! Kitongoji chetu kina wezi wawili tunaowafahamu, na mmoja sasa hivi anaumwa.

2. Kukoki. Juu yake kuna chuma cha kuvuta nyuma kabla ya kupiga. Mimi nalima, natwanga, nimebeba maji kichwani tangu sijaota magego, lakini kile chuma kilinishinda. Nilikivuta kwa mkono, nikakivuta kwa ncha ya kanga, mwishowe nikataka kuibana bastola kati ya magoti. Afande Mustafa akapiga kelele, "Mama! Weka chini! Hivyo hivyo, weka chini!" Watu wote wakalala kifudifudi, hata Hamidi mwenye mali. Haikuwa na risasi hata moja. Lakini sikujua kwamba wanaume wa umri ule bado wanaweza kulala kwa haraka namna ile.

3. Shabaha. Uwanjani wanatundika karatasi yenye picha nyeusi ya mtu. Hana macho, hana mdomo, ana mabega tu. Mzee alipiga risasi tatu. Nami nilipewa tatu, Afande amesimama nyuma yangu amenishika mabega kama mtu anayefundisha mtoto kutembea. Sasa yule wa kwenye karatasi alikuwa na mabega ya Leonard kabisa. Nikafumba macho, nikasema, "Nisamehe baba," nikapiga. Tulipokwenda kutazama, karatasi yangu ilikuwa safi, unaweza kuifungia vitumbua. Karatasi ya Mzee ilikuwa na matundu manne. Hamidi akacheka mpaka akakaa chini: "Mtani, umepanda tatu umevuna nne, hata ufuta hauzai hivyo!" Mzee anadai zote nne ni zake. Mimi simbishii, maana lile tundu lililokaa kifuani katikati linanitia wasiwasi.

4. Hodi. Hapa ndipo nilipoaibisha ukoo. Afande Mustafa alisema kulinda nyumba siyo kupiga tu, ni kumtambua mtu kwanza, umuulize ni nani, usikilize, ndipo yafuate mengine. Akatengeneza mlango wa turubai, akatoa risasi zote, akanikabidhi bastola tupu, yeye akaenda nyuma ya turubai awe mwizi.

Akabisha, "Hodi." Nikasema, "Karibu." Akatokeza kichwa, "Mama, mimi ni mwizi." Nikamwambia pole.

Akarudi. Safari hii akakaza sauti, "Hodi!" Nikakumbuka kuuliza, "Nani mwenzangu?" Akasema, "Mimi." Nikasema, "Karibu baba." Mheshimiwa, kila mtu wa kwetu ukimuuliza ni nani anajibu "mimi", na tunafungua, na kweli inakuwa ni yeye.

Mara ya tatu hakubisha kabisa. Aliingia kwa kishindo, ameinua panga la mti. Mimi bastola nikaiweka mezani nikamsogezea kiti. Mzee Anselmo alijifunika uso kwa kofia. Mdomo wangu ni mzee kuliko mafunzo. Mtu akiingia, wenyewe unasema karibu kabla kichwa hakijaulizwa. Kwa hiyo kama mwanamke wa kulinda nyumba nimefeli, na naomba kamati iandike hivyo, sitakata rufaa.

Ila ikafika zamu ya Mzee. Afande aliingia bila hodi, na kabla Mzee hajamaliza kusema "Nani—", kidole kilikuwa kimekwisha vuta. Ikalia ka! Afande akasema taratibu, "Mzee, umeniua." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mtu anayeingia kwangu bila hodi ni mmoja tu duniani.

6. Namba tano nimeiruka, ugali ulikuwa unaungua. Hii ni ya sanduku. Nimeambiwa bastola haiwekwi chini ya mto wala kwenye debe la mahindi. Inafungiwa kwenye sanduku la chuma lililobanwa ukutani kwa nati. Ukuta wetu ni wa tofali mbichi, na msumari wa picha ya Bikira Maria tu umeanguka mara nne. Kwa hiyo lazima tujenge ukuta wa saruji. Tukiwa na ukuta wa saruji na mlango wa mbao uliochoka, mwizi ataingia mlangoni, kwa hiyo lazima mlango wa chuma. Sasa kitongojini kwetu hakuna mwenye mlango wa chuma. Siku tukiuweka, hata wezi wa kule Malolo watajua Anselmo ana kitu. Kwa hiyo lazima tuweke mlinzi. Mlinzi hawezi kulinda bastola kwa fimbo, itabidi naye awe na bunduki, na bunduki ya mlinzi nayo itataka sanduku, na sanduku litataka ukuta.

7. Shambani. Wakati wa korosho tunahamia shambani wiki nyingi. Bastola haiachwi peke yake kama paka, kwa hiyo Mzee atakwenda nayo kiunoni. Kuokota korosho ni kuinama kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Nilimfunga pasi kiunoni nikamwambia aokote, tuone. Aliokota kumi na moja akasema tumbo linamkata. Nikamwambia hiyo ni pasi, haijawekwa risasi.

8. Hii ndiyo yenyewe. Tuliporudi kutoka Ruangwa Mzee alisema mbele yangu, "Kuanzia sasa atakayeingia nyumba hii bila hodi, salamu yake ni risasi." Nikamuuliza, na Leonard? Akanyamaza. Mheshimiwa, Mzee Anselmo hanyamazi hata padre akiwa anahubiri. Walipoachana miaka mitatu iliyopita waliachana vibaya. Leonard alisema hawezi kuokota korosho za baba mpaka azeeke, na baba akasema basi asirudi mpaka ajifunze adabu. Nimekuwa nikimwombea arudi kabla hajajifunza. Sasa akirudi hivi alivyo, kimya kimya, ana njaa, akafunua sufuria, nani atamwambia kwamba siku hizi nyumbani kuna sheria?

Kwa sababu zote hizo, naomba kamati iamue hivi. Mzee apewe kibali, ili asiaibike mbele ya Hamidi, lakini risasi zitunzwe na kamati. Siku mwizi akija, Mzee ataandika barua kuziomba, karani ataipokea, kikao kitakaa Alhamisi, na mwizi ataelezwa asubiri. Kama hilo ni gumu, basi kwa hesabu ya namba sita, ili bastola moja itulinde sisi wawili, tunahitaji askari mmoja wa kuilinda bastola. Naomba mtuletee huyo askari tu, bastola ibaki dukani. Nitampikia, nitamfulia, na akiingia bila hodi hatakosea, jikoni kwangu ni pale pale.

Nimesema yote kwa heshima. Kama kuna neno limekaa vibaya, ni la darasa la nne, siyo la moyo. Nisalimie mama wa hapo kwako, mwambie mbegu za bamia alizoniahidi bado nazisubiri. Wasalimie wajumbe, na karani, na aliyekaa mlangoni pa ofisi, ambaye huwa hasalimiwi.

Ni mimi mke wa mwombaji, mwoga lakini mkweli,

Koleta Anselmo (Mama Leonard)

Nyongeza: Mheshimiwa, barua hii ilikuwa imekwisha kukunjwa, namsubiri wa bodaboda. Yamenitokea mambo, imebidi niikunjue.

Leo saa saba mchana nilikuwa uani natwanga. Nikageuka, nikaona mgongo wa mwanamume mkubwa jikoni kwangu, ameinama, anafunua sufuria. Sikusema karibu. Sikuuliza nani. Nilimwendea na mchi. Ulimpata begani, na nisidanganye, nilikuwa nimelenga kichwa.

Mzee alikuwa amekaa kivulini anatengeneza jembe. Alikwisha mtambua, Mheshimiwa, kwa kisogo tu, kwa mbali, miaka mitatu hajamwona. Alikuja mbio anapiga kelele, "Koleta! Ni wetu! Ni wetu huyo!" akamkumbatia kumkinga, na pigo la pili likampata yeye kwenye kiwiko. Mimi niliyemzaa ndiye niliyempiga. Baba mtu, niliyemwandikia kurasa sita, ndiye aliyelia.

Kwa hiyo namba nne ifuteni, na namba nane ifuteni pia, na nyingine sijui. Mkitaka kumpa Mzee bastola mpeni, haina neno. Mkitaka kumnyima, mnyimeni kwa sababu anaishi na mimi.

Leonard hajavunjika. Amekula sahani mbili kwa mkono wa kulia, wa kushoto hauinuki. Baba yake anamkanda bega kwa maji ya moto, wanazungumza chini chini, sijaambiwa nisogee. Amesema bega likipona ndipo atafikiria kama anarudi machimboni.

Mungu anisamehe, lakini sina haraka na hilo bega.