Ombi la Kuondolewa kwa Daraja la Kalembe kwa Sababu ya Mama Mkwe

Kalembe, Agosti 1953

Kwa Bwana Mkubwa wa Teritware, mtawala wa wilaya yetu, mwenye kuandika barabara, madaraja na vivuko,

Pokea salamu zangu. Sisi huku ni wazima, ila mimi nina hasira.

Nasikia umeandika katika kitabu chako kwamba daraja jipya la Kalembe linafaa watu wote. Naomba uongeze: isipokuwa Symphorien. Desturi yetu unaijua. Mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini mpaka mwenzake apite. Sasa, Bwana Mkubwa, juu ya daraja pori liko wapi?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Daraja ni jembamba mno. Siku moja nilikuwa katikati, nikamwona mama mkwe anakuja na kikapu cha mihogo. Nikajitupa mtoni kwa heshima. Heshima ilibaki, kofia ikaenda na maji.

2. Zamani tulivushwa na mtumbwi wa Papa Marcellin, naye alijua kazi. Alimvusha mama mkwe kwanza, mimi nimejificha kwenye migomba, kisha akanipigia mluzi. Daraja halipigi mluzi.

3. Nilimweleza Straton, kapita anayesimamia vibarua wa barabara. Akanijibu: "Symphorien, daraja iko ya serikali. Mama mukwe njo wako. Usichanganye."

4. Hili ndilo linaloniuma. Mke wangu Généreuse alikwenda kujifungulia kwao, ng'ambo ya mto. Amezaa mtoto wetu wa kwanza, nami sijamwona. Kila nikikanyaga ubao wa kwanza, mama yake anakanyaga wa mwisho. Nikiona kitenge chake tu, nageuka narudi nyumbani. Watu wanacheka, lakini mimi naumia kweli.

Kwa hiyo naomba daraja libomolewe na Papa Marcellin arudishiwe kazi yake. Kama kilichoandikwa hakifutiki, jenga la pili kando yake, la mama wakwe peke yao. Kama mbao hazitoshi, sogeza mpaka wa teritware za Masisi na Walikale upite katikati ya daraja, ili mama mkwe asivuke bila karatasi yako ya ruhusa, nawe usiwe na haraka ya kuiandika. Hata hilo likishindikana, hamisha mto. Sioni kazi nyingine uliyo nayo huo mto.

Nisalimie Madamu, karani, askari wa mlangoni, na mbwa wako aliyenifukuza nilipokuja kulipa kodi. Sina kinyongo naye.

Ni mimi ninayekuheshimu nikiwa nimelowa,

Symphorien, mkulima

Nyongeza: Bwana Mkubwa, kabla sijaituma barua hii, mama mkwe aliniletea ujumbe: "Muambieni ule mukwe akuje ku daraja na mugongo. Mutoto amechoka kurudishwa." Kumbe siku zote hizo alikuwa ananiletea mtoto.

Nilikwenda kinyumenyume kutoka upande wangu, naye kinyumenyume kutoka wake, mpaka migongo yetu ikagongana katikati. Akanipitishia mtoto ubavuni. Ni msichana, ana masikio yangu, maskini. Nililia, na mama mkwe hakuona kitu.

Tafadhali usiguse hata ubao mmoja. Daraja lingekuwa pana, kila mtu angepita upande wake, na mwanangu ningemwona mara ya kwanza siku ya ubatizo.