Mifupa Mia Mbili ya Athanase

Jumatatu, 1 Machi 1993
Umeme unakuja na kwenda. Maabara nzima nimebaki mimi na mikroskopi. Kazi: kupima mifupa ya viumbe vidogo mno, vilivyoelea baharini kabla ya binadamu kuwapo. Profesa mmoja wa Ubelgiji alituletea vioo vyake vya mikroskopi, vyenye mifupa hiyo, na swali: ni aina moja au mbili? Atakayethibitisha, aina mpya itapewa jina lake. Banza milele! Nimepima thelathini. Vurugu tupu. Mwenzangu Athanase alikuwa ameshapima mia mbili alipofukuzwa, kisa babake ni mtu wa Kasai, na watu wa Kasai wote wanafukuzwa mkoani kwetu. Sasa analala stesheni na maelfu wenzake, wakingoja treni ya kuwapeleka huko. Daftari la vipimo kaondoka nalo. Mchoyo!

Jumanne, 2 Machi
Nimekwenda stesheni na kilo mbili za unga, tubadilishane. Harufu! Athanase amekonda. Alinipa daftari kabla sijataja unga. Akanieleza: usitazame urefu peke yake, gawanya urefu wa mwiba kwa upana wa ganda, makundi mawili yatajitenga yenyewe. Rahisi hivyo! Nimeudhika. Mkewe, Simone, akaniomba kitu kimoja tu: dawa ya kuhara kwa binti yao Sephora, miaka minne. Mke wangu Martine ni muuguzi. Nikaahidi kesho asubuhi.

Alhamisi, 4 Machi
Siku mbili za kunakili na kugawanya. Makundi mawili, safi kabisa! Nimegundua pia kwamba mimi nilikuwa nasoma kipimo cha lenzi nyingine. Vipimo vyangu vyote vilizidi mara nne. Karatasi zile nimezichoma. Jioni Martine kauliza: dawa aliyoiweka mezani tangu jana inamngoja nani? Loo!

Ijumaa, 5 Machi
Nimekimbia mpaka stesheni. Sephora alizikwa jana. Simone hakunitazama. Nilisimama na dawa mkononi. Nikasema, sijui kwa nini, kwamba jina la Athanase nitalitanguliza kwenye barua ya kumjibu profesa. Athanase akajibu taratibu:
“Andika jina yako tu, Banza. Miye siko tena na adresi ya kupata barua.”
Nililia njia nzima. Nyumbani nikafungua daftari ili nitulie.

Jumatatu, 8 Machi
Treni imewachukua. Barua kwa profesa iko tayari. Sahihi moja. Mwenyewe aliruhusu! Aina yenye miiba mirefu itaitwa Banza. Na ile ya miiba mifupi? Nilifikiria Sephora. Nikalitamka mara mbili. Jina zuri. Lakini Banza Mkubwa na Banza Mdogo inapendeza zaidi.