Baiskeli, Taa na Heshima ya Wakamwana

Bujonde, mwezi wa Juni 1912

Kwa Bwana Mkubwa mwenye Boma,

Ugonile, Bwana Mkubwa. Natumaini umelala vema. Mimi sikulala.

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Bujonde, baba wa wana watatu waliooa, na katika bonde lote hili ndiye mtu pekee mwenye baiskeli. Niliachiwa na mmisionari mmoja aliporudi kwao Ulaya, baada ya mwili wake kunenepa na baiskeli kukataa kumbeba. Juma lililopita nilikuwa natoka sokoni Mwaya, giza limekwisha kuingia, askari wako akanisimamisha njiani na kuniuliza taa iko wapi. Nilimjibu kwa adabu kwamba sina, na kwamba siitaki. Akanitoza faini ya rupia mbili, akaizuia na baiskeli yenyewe mpaka nitakapolipa. Nasikia sasa imeegemezwa nyuma ya nyumba yake na kuku wanalala juu yake. Bwana Mkubwa, siwezi kukueleza jinsi jambo la kuku linavyoniuma. Naomba unirudishie baiskeli na kuifuta faini, kwa sababu hizi nilizozipanga kwa hesabu zisije zikakuchanganya:

1. Askari mwenyewe hakuwa na taa. Kama mtu asiye na taa haoni, yeye aliona nini? Na kama anaona, taa ni ya nini? Nilimwuliza hivyo hivyo, kwa upole, akaongeza rupia moja. Kwa hiyo sasa ni tatu.

2. Sisi watu wa hapa tuna heshima zetu. Mke wa mwanangu hanioni, nami simwoni. Akijua naja, huacha njia, akaingia migombani na kujifunika nguo kichwani mpaka nipite. Hatuli pamoja, na jina langu halitaji. Zamani nilipokwenda kwa miguu kazi ilikuwa nyepesi: nilikohoa kwa mbali, naye mkamwana akapata nafasi ya kujificha bila haraka. Baiskeli imeharibu mpango huo. Nikikohoa pale njia inaposhuka mtoni, mimi na kikohozi tunafika pamoja, na siku nyingine mimi natangulia. Nimejaribu kukohoa mfululizo kutoka Mwaya mpaka nyumbani, na Jumapili yake sikuwa na sauti ya kuongoza wimbo kanisani. Basi nikaona dawa ni giza. Katika giza mkamwana haoni mkwe, mkwe haoni mkamwana, na kila mtu anakwenda zake na heshima yake.

3. Sasa Boma linataka niwashe taa. Je, Bwana Mkubwa umefikiri taa hufanya nini? Hutangulia mbele, ikaingia kwenye migomba bila hodi, ikamtoa hadharani mke wa mtu aliyekwisha kujificha vizuri. Mtu mzima kama mimi nitaonekana navizia wakamwana wangu kwa taa ya serikali! Nimesikia kwamba kwenu Ulaya baba mkwe na mkamwana hukaa meza moja, wakapeana chumvi. Siwahukumu. Kila watu na msiba wao.

4. Ili ujue kwamba sitanii, hata barua hii naandikiwa na mkamwana wangu Naomi, mke wa mwanangu mkubwa Ambilikile. Kwao ni Matema, ufukweni mwa ziwa, na huko ndiko alikojifunza kuandika, shule ya misheni. Yeye amekaa upande ule wa mkeka uliotundikwa, mimi upande huu. Mimi nauambia mkeka, na Naomi anaandika. Hanijibu neno, wala siwezi kujua kama anaandika ninayosema, ila nasikia kalamu. Jina langu hatalitia, maana hawezi kulitaja hata kwa wino. Karani wako aulize tu mwenye baiskeli ni nani.

5. Hapa nafika kwenye jambo la kunikasirisha kweli. Kabla sijakutana na askari, kwenye kona ya mtoni, niligonga vyungu. Vyungu, Bwana Mkubwa! Vimepangwa katikati ya njia kama vimekuja barazani. Nilivivunja vyote, nikaanguka matopeni, goti likachubuka na mpaka leo halikunjiki sawasawa. Niliita msaada kwa sauti kubwa, hakutokea mtu. Watu wa siku hizi hawana huruma. Nauliza: mwenye vyungu ametozwa faini gani kwa kuacha vyungu njiani usiku bila taa? Hata kimoja hakikuwa na taa. Naomba atafutwe, atozwe mara mbili yangu, kwa maana mimi nilikuwa mmoja na vyungu vilikuwa vingi.

(Kalamu imesimama hapa kitambo kirefu. Nadhani wino umekwisha. Sasa naisikia tena.)

6. Usidhani ni shida ya mzee mmoja. Taa ikishakuwa sheria, wakamwana wa bonde zima hawatathubutu kutoka kuanzia jua linapotua. Mpunga hautatwangwa. Waume watalala na njaa. Mume mwenye njaa halimi, na asiyelima hana cha kulipia kodi. Boma likikosa kodi, nawe utakosa mshahara, na Kaisari wenu huko Ulaya, ambaye sina ugomvi naye, atakaa mezani kwake akitazama sahani tupu, asijue kwamba yote yametokana na askari mmoja wa njia ya Mwaya. Sipendi kuwa mimi wa kumwandikia habari hiyo.

7. Kama lazima pawe na taa, basi wapewe wakamwana. Kila mmoja abebe yake. Nikiona taa mbele yangu nitajua ni wao, nitafumba macho, na nitaendelea kuendesha hivyo hivyo mpaka nihisi wamepita. Kama hilo halifai, Boma lichimbe njia ya pili, ya baba wakwe peke yao.

Ndaga fijo, asante sana kwa kunisikiliza. Wasalimie Bibi, mpishi, karani na yule punda wako wa kijivu niliyemwona mwaka jana. Wasalimie wote wa Boma, na kama askari yule yupo karibu, msalimie pia, ila kidogo.

Ni mimi mtiifu wako,
Mwenye baiskeli, Bujonde

Nyongeza.

Bwana Mkubwa, baba amekwisha kutoka. Anayeandika sasa ni mimi, Naomi, na haya hakuniambia mtu.

Vyungu vilikuwa vyangu. Mama yangu alivifinyanga, vikaja kwa mtumbwi mpaka Mwaya, nami nilikuwa navipeleka nyumbani kichwani. Kikohozi sikukisikia. Nilisikia mnyororo wa baiskeli umefika mgongoni, na mtu hawezi kukimbilia migombani na vyungu kichwani, kwa hiyo nikavitua nikakimbia. Angekuwa na taa angeviona. Taa haivunji heshima. Heshima yetu inatunzwa na mkeka mmoja uliotoboka, na nimeandika barua nzima nyuma yake mchana kweupe.

Alipoanguka nilikuwa hatua chache tu, nyuma ya mgomba. Nilimsikia akiita. Nilimsikia akiugua, na sikuweza kwenda kumwinua, maana ni baba mkwe wangu. Nilijiziba mdomo kwa nguo nikalia mpaka aliposimama mwenyewe. Jambo hilo linaniuma kuliko vyungu.

Faini ni haki, tutailipa sisi wake wa wanawe. Tena tumenunua taa, nayo anakuletea huyu aliyebeba barua. Tafadhali mpe baba pamoja na baiskeli yake, useme imetoka kwa Kaisari. Ikitoka kwetu ataona aibu kuipokea, lakini ya Kaisari ataiwasha hata mchana ili watu waione. Na daktari wa Boma amtazame goti.

Tunakuomba sana, Bwana Mkubwa. Amezeeka, na sisi hatuna baba mkwe mwingine wa kumkimbia.