Vita vya Swali la Saba

Tulieni, enyi wa nyumbani na enyi wapita njia, mtege masikio, maana habari hii si ya wafalme waliokwisha kulala makaburini, bali ni ya Mama Spana, fundi bomba mashuhuri, mvunja kutu, mnyamazisha mifereji iliayo, ambaye kwa miaka kumi na mitatu alitandaza mabomba yaliyochorwa na wengine, hata moyo wake ukaapa kwamba ataingia chuo cha uhandisi, naye achore.

Lakini mlangoni mwa chuo ulilala mtihani, na ndani ya mtihani alijikunja joka aitwaye kalkulasi ya vekta, mwenye alama ya pembetatu iliyosimama kwa kichwa. Mara mbili joka huyo alimwangusha. Safari hii zilibaki siku mbili, na shujaa alikuwa ameteka vitongoji vyote, yaani mada zilizotangulia: mteremko ameupanda, mtawanyiko ameukusanya. Ngome moja tu ilisimama, swali la saba: maji yanakwenda kulia moja kwa moja, na kila hatua moja kutoka ukingo wa chini kasi yake inaongezeka kwa tatu; je, mzunguko wake ni kiasi gani?

Mama Spana aliandika sifuri, kwa kuwa mishale yote ya mchoro ilitazama upande mmoja kama askari gwarideni. Kitabu, katika kurasa zake za nyuma, kikasema hasi tatu. Akafuta, akarudia, ikaja sifuri ileile, mpaka karatasi ikatoboka. Basi asubuhi hiyo ya Jumamosi aliweka kalamu chini, akatoka uani, akachuchumaa kando ya mfereji, mahali ambapo mama mkwe wake, malkia wa povu, alikuwa akifua mashuka.

"Mama, nimeshindwa," alisema. "Jumatatu siendi. Maji yaliyonyooka yatazungukaje?"

"Mwanangu, mimi hesabu iliniacha kwenye kugawanya," alisema mama mkwe. "Lakini maji nimeyamwaga hapa miaka arobaini. Hebu lete kiberiti."

Akamwaga beseni zima, maji yakashuka kutoka kushoto kwenda kulia, naye akatupa njiti karibu na ukingo walipokuwa. Ncha iliyoelekea katikati ikavutwa mbele, ncha ya ukingoni ikasita nyuma kama mgeni asiyetaka kuaga, na njiti nzima ikajigeuza kwa mwendo wa mshale wa saa, ilhali mfereji umenyooka vilevile.

"Katikati yana haraka, pembeni yanajikokota," alisema mama mkwe. "Ukishikwa mikono na wawili wasiotembea sawa, utageuka tu. Mimi na marehemu mume wangu tulimgeuza sana huyo mumeo utotoni."

Mama Spana hakucheka. Alikwisha kukimbilia kalamu ndani, akarudi, na juu ya goti lake akaandika: kasi inabadilika kwa tatu, na kwa kuwa njiti inafuata mshale wa saa, upande ambao kitabu huuhesabu kuwa hasi, ni hasi. Hasi tatu.

Mumewe, kinyozi, akatoka na mkasi mkononi kuuliza kuna nini. Akaambiwa ni hasi tatu. Akasema hongereni, maana ndoa ilimfundisha kupongeza kwanza.

"Jumatatu utakwenda," alisema mama mkwe. "Sasa shika ncha hiyo."

Na iandikwe, vizazi vijue: saa nne na dakika ishirini, ngome ikiwa imeanguka, washindi wawili walilikamata shuka, wakalisokota kila mmoja upande wake, hata tone la mwisho.